Mfupa wa nyonga, wa kidevu au meno ya bandia: namna ya kuchagua kwa mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura

Katika chumba cha marudio, mama huketi na mtoto wake kando yake, nami huomba ruhusa ya kuinua mdomo wa juu kwa kijiti cha mbao. Kovu la nje mara nyingi limepona vizuri na kuwa mstari mwembamba ambao jirani haoni mpaka aambiwe. Ndani, hata hivyo, ufizi umekatika: upande wa kushoto kuna ufa ambao ncha ya kalamu ingeingia, jino moja limegeuka ubavu pembeni mwake, na nyuma ya ufa kuna kitundu kinachoelekea puani. Kisha mama husema jambo ambalo nimelisikia kwa akina mama wa Kadutu, wa Bagira na wa Kabare kwa maneno yaleyale: "Dada, chai bado inatokea puani."

Mimi ni muuguzi, si daktari mpasuaji, na nimekaa na watoto hawa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wanaoambiwa kwamba mtoto wao anahitaji kuwekewa mfupa katika ufizi, kisha wanatajiwa njia tatu au nne kwa haraka na kuachwa wachague. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari aliyemwona mtoto na kuitazama picha yake, lakini mzazi anayeelewa tofauti ya njia hizo huuliza maswali yanayofaa, tena huuliza mapema.

Duniani, takribani mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa au wa vyote viwili. Mpasuko hutokea mapema katika ujauzito, kati ya wiki ya 4 na ya 12, pale sehemu za uso zinazopaswa kukutana zinaposhindwa kuungana. Haukuletwa na laana wala na kosa la mama. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Shughuli hizo mbili huunganisha ngozi, misuli na utando, ilhali mfupa wa ufizi huachwa wazi kwa makusudi, na hapo ndipo wazazi wengi hudhani kwamba safari imekwisha.

Ufa huo ukiachwa, taya la juu hubaki vipande viwili, au vitatu kwa mtoto aliyepasuka pande zote mbili, na kila kipande husogea kivyake. Tundu la pua la upande ule huzama kwa sababu halina msingi wa kulibeba. Meno yaliyo kando ya ufa hukosa mfupa wa kushika mizizi yake, na jino la chonge, ambalo linapaswa kushuka mahali hapohapo, halina njia. Kwa hiyo, ninapolinganisha njia moja na nyingine, kipimo changu cha kwanza ni kama jino litaweza kushuka kupitia kitu kilichowekwa pale na kukaa ndani yake maisha yote.

Umri kabla ya mfupa

Wazazi huanza kwa kuuliza mfupa utatolewa wapi. Mimi huwaomba waanze na umri, kwa sababu mfupa mzuri uliowekwa wakati mbaya hutoa matokeo hafifu kuliko mfupa wa kawaida uliowekwa kwa wakati wake.

Katika miaka ya 1950 na 1960, madaktari wa Ulaya na Marekani walijaribu kupandikiza mfupa kwa watoto wachanga, mara nyingi kipande cha ubavu, wakitumaini kumaliza kazi mapema. Watoto hao walipokua, wengi walionekana kuwa na taya la juu lililodumaa na uso uliobonyea katikati, na hospitali nyingi ziliiacha njia hiyo. Kuna njia nyingine ya utotoni, iliyoanzishwa na Skoog wa Sweden, ambayo haipandikizi mfupa bali hushona pamoja utando unaofunika mfupa pande mbili za ufa, ili mfupa ujijenge wenyewe. Kwa watoto wengine hufaulu na kwa wengine hapana, na huhitaji kingo za ufa ziwe zimesogezwa karibu sana kwanza kwa kifaa kinachovaliwa mdomoni na kurekebishwa mara kwa mara. Kwa familia inayoshuka kutoka Shabunda, kifaa hicho ni mzigo usiobebeka.

Njia ambayo imedumu ni ile iliyoelezwa na Boyne na Sands huko Marekani mwaka 1972, yaani kupandikiza mfupa mtoto akiwa na miaka 9 hadi 11, kabla chonge haijatoka. Kufikia umri huo sehemu ya mbele ya taya la juu imekwisha kukua kwa kiasi kikubwa, hivyo kisu hakiidhuru sana, na chonge bado iko juu ikisubiri. Lakini miaka ni makadirio tu, kwa kuwa daktari hutegemea zaidi picha ya eksirei, ambayo sisi hapa tunaiita radio, na kutazama mzizi wa chonge. Mzizi ukiwa umejengeka kati ya nusu na theluthi mbili, wakati umefika. Baadhi ya wapasuaji hutangulia hadi miaka 6 au 7 ikiwa jino dogo la mbele lililo kando ya ufa lipo na linafaa kuokolewa. Kwa watoto wengi wenye mpasuko jino hilo halikuumbwa kabisa.

Nilipokuwa nikianza kazi sikuyajua haya. Nilimwambia baba mmoja kutoka Walungu asubiri mwanawe akue, apate nguvu, kwa kuwa niliona upasuaji wa nyonga ni mzito kwa mtoto wa miaka 9. Alirudi naye akiwa na miaka 15. Chonge ilikuwa imetokea ndani ya ufa wenyewe, mzizi wake ukiwa wazi upande mmoja, na mfupa uliopandikizwa baadaye haukushikamana na mzizi ule. Upasuaji ulimsaidia kuziba kitundu na kuinua pua, kwa maana mfupa wa kuchelewa nao una kazi yake, lakini jino lile lilipotea. Tangu siku ile, swali la tarehe ya kuzaliwa ndilo la kwanza mdomoni mwangu.

Nyonga

Mfupa wa nyonga ndio ambao wapasuaji wengi ulimwenguni huuchagua, na baada ya kuona watoto wengi wakirudi, nami nauweka mbele ya mingine kwa mtoto aliye katika umri niliotaja.

Daktari hukata ngozi kwa urefu wa sentimita 3 hivi, nyuma kidogo ya ncha ya mbele ya nyonga, ili kuukwepa mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ngozi ya paja. Kwa mtoto, ukingo wa mfupa huo umefunikwa na gegedu jeupe, nalo hufunguliwa kama kifuniko na kurudishwa mwishoni, kwa sababu ndilo linalokuza mfupa. Chini yake kuna mfupa laini wenye uboho, unaochotwa kwa kijiko kidogo chenye makali. Zinazotoka ni punje nyekundu zenye unyevu, zinazokaribia rangi ya uji mzito wa mtama, na huwekwa katika bakuli la chuma na kufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, zisikauke. Ubora wa nyonga umo katika punje hizo: zina chembe hai zinazojenga mfupa, damu huzifikia haraka, na chonge hupenya ndani yake kana kwamba ni mfupa iliozaliwa nao.

Kiasi pia hakina shida. Ufa wa upande mmoja huhitaji takribani mililita 1 hadi 2 za mfupa, wa pande mbili huhitaji mara mbili yake, na nyonga hutoa zaidi ya hapo bila kudhoofika. Vilevile timu mbili zinaweza kufanya kazi kwa pamoja, moja mdomoni na nyingine kiunoni, jambo linalopunguza muda wa mtoto kulala chini ya nusukaputi.

Gharama yake ni maumivu ya kutembea. Mtoto huchechemea kwa siku kadhaa, wengine kwa wiki mbili, na mara nyingi hulalamikia nyonga kuliko mdomo. Katika mji tambarare hilo ni jambo dogo, lakini Bukavu ni mji wa miteremko, na mtoto anayekaa juu Kadutu hufika kwao kwa ngazi zilizochimbwa katika udongo, ambazo mvua huzigeuza utelezi. Nimeona familia zikimhamishia mtoto kwa shangazi anayekaa penye barabara kwa muda wa siku kumi, na naona huo ni mpango wa busara kuliko kumbeba mgongoni mtoto wa kilo 30. Kukimbia na mpira wa miguu husimamishwa kwa takribani wiki sita. Kovu hubaki, likifichwa na ukanda wa suruali au sketi.

Kidevu na mifupa mingine

Mfupa wa kidevu hupendwa na wazazi wanaposikia kwamba hautaacha kovu la nje, kwa sababu daktari huukata kutoka ndani ya mdomo wa chini. Mtoto hutembea siku hiyohiyo, na mfupa wenyewe ni wa jamii moja na mifupa ya uso. Ubaya wake ni kwamba ni mchache, na kwamba mtoto wa miaka 9 au 10 bado ana chonge za chini ambazo hazijatoka, zimelala karibu kabisa na mahali pa kukata. Mizizi ya meno ya mbele inaweza kuguswa, na mdomo wa chini ukabaki na ganzi kwa wiki au miezi, mara chache zaidi ya hapo. Kwa kijana mwenye ufa mdogo wa upande mmoja, ambaye chonge zake za chini zimekwisha kutoka, kidevu ni chaguo zuri, na nisingemzuia mzazi anayelitaka. Kwa ufa mpana au wa pande mbili, hakitoshi.

Mfupa wa mguu, chini kidogo ya goti, una uboho wa kutosha na maumivu yake ni machache, lakini kwa mtoto anayekua uko karibu na sehemu inayorefusha mguu, kwa hiyo unawafaa zaidi watu wazima. Mfupa wa fuvu hauumi sana na kovu lake hufunikwa na nywele, isipokuwa sehemu yake kubwa ni mfupa mgumu wenye uboho kidogo, na anayeuchukua anafanya kazi karibu na utando wa ubongo, kwa hiyo ni kwa mikono iliyozoea tu. Ubavu ni wa kuacha kwa kazi hii, kwa kuwa meno hayasogei vizuri ndani yake.

Kuhusu mifupa ya viwandani, yaani punje zilizotayarishwa kutokana na mfupa wa ng'ombe au zilizotengenezwa kwa kemikali za chokaa, mzazi aelewe kwamba hizo ni kichanja tu. Hazina chembe hai, na nyingine hukaa miaka bila kuyeyuka, zikisimama mbele ya jino linalotaka kushuka. Kwa mtoto anayesubiri chonge, zikichanganywa na mfupa wake mwenyewe zinaweza kuongeza wingi, lakini zikiwekwa peke yake nina shaka nazo. Ipo pia protini inayochochea mfupa kujijenga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo na mwaka 2007 kwa baadhi ya kazi za taya kwa watu wazima. Haikuidhinishwa kwa watoto, huvimbisha sana mahali ilipowekwa, na bei yake ni kubwa mno. Mzazi asiuze shamba kwa ajili yake.

Meno ya bandia mahali pa mfupa

Familia zenye uwezo mdogo mara nyingi huelekezwa kwenye sahani ya plastiki yenye meno, inayoshikwa kwa vikulabu vya waya na kuziba kitundu cha kaakaa. Ninaiheshimu njia hii. Haihitaji nusukaputi, hutengenezwa kwa siku chache, na siku ya kwanza tu chai huacha kutokea puani na sauti hubadilika. Kwa mtu mzima ambaye hawezi kufanyiwa upasuaji, inaweza kuwa ndiyo tiba kamili.

Kwa mtoto ni tofauti. Sahani haiunganishi vipande vya taya, haiinui pua, na haimpi chonge mahali pa kushukia. Mtoto akikua huwa haimtoshi tena, kwa hiyo hutengenezwa nyingine na nyingine, na gharama zikijumlishwa kwa miaka kumi hukaribia au hupita ile ya upasuaji mmoja. Tena ikivaliwa usiku na mchana bila kusafishwa, chakula hukaa chini yake na kuozesha meno yanayoishikilia, mpaka siku moja hakuna jino la kuibana. Ninaikubali kama daraja la kumfikisha mtoto kwenye umri wa kupandikizwa mfupa, na ningependa kila anayepewa aambiwe wazi kwamba ni daraja, na aandikiwe mwaka wa kurudi.

Kijana ambaye taya lake limebaki nyuma

Lipo kundi jingine, la vijana ambao taya lao la juu halikukua kwenda mbele, hivi kwamba wakifumba mdomo meno ya chini hupita yale ya juu na uso unaonekana kama umesukumwa ndani. Kovu la kaakaa lililoshonwa utotoni huchangia sana. Hapa kinacholinganishwa ni njia mbili za kulileta taya mbele, na zote mbili hutanguliwa na mfupa wa ufizi, kwa sababu taya lililo kipande kimoja husogezwa kwa usalama kuliko lenye vipande viwili.

Njia ya kwanza hukata taya la juu kwa mlalo, juu ya mizizi ya meno, kisha hulisogeza mara moja na kulifunga kwa vibao vidogo vya chuma na skrubu. Huitwa Le Fort I, kwa jina la Mfaransa René Le Fort, aliyeeleza mwaka 1901 mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia. Hufanywa ukuaji ukiwa umekwisha, na hilo kwa wavulana huchelewa kuliko kwa wasichana. Kazi ni ya siku moja, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa hana kifaa kinachoonekana. Udhaifu wake kwa wenye mpasuko ni kovu la kaakaa, ambalo huvuta taya kurudi nyuma miezi inayofuata, na kadiri lilivyosogezwa mbali ndivyo linavyorudi zaidi.

Njia ya pili hukata mfupa uleule, lakini hulivuta taya polepole kwa kifaa. Wazo hilo lilikuzwa na Ilizarov huko Kurgan, Urusi, kwa mifupa ya miguu na mikono. McCarthy wa New York aliripoti matumizi yake kwenye taya la chini la binadamu mwaka 1992, na Polley na Figueroa wa Chicago wakaeleza mwaka 1997 kifaa cha nje cha kuvuta taya la juu, ambacho hushikwa kwa skrubu kwenye fuvu kama taji lenye nguzo mbele ya uso. Baada ya upasuaji husubiriwa siku tano hivi, kisha skrubu huzungushwa kila siku ili taya lisogee milimita 1, na likifika panapotakiwa huachwa litulie kwa wiki 8 hadi 12 wakati mfupa mpya unakomaa. Ngozi na misuli hupata muda wa kutanuka, kwa hiyo taya linalohitaji kusogezwa zaidi ya milimita 10 hupelekwa mara nyingi kwa njia hii.

Kwa maandishi, kuvuta polepole kunaonekana kushinda. Hapa kwetu ninapima pia barabara. Kijana mwenye kifaa anapaswa kuonwa kila wiki, na mtu wa nyumbani lazima ajue kuzungusha skrubu bila kukosea upande. Skrubu ikilegea usiku, anayekaa Nguba atafika hospitalini asubuhi, lakini anayekaa ng'ambo ya Kalehe huenda asifike kwa siku nne, hasa katika majira ambayo njia hufungwa bila taarifa. Kama hana ndugu wa kumpokea mjini kwa miezi mitatu, ni afadhali kuzungumza na daktari juu ya Le Fort I, hata kwa kukubali kwamba taya litasogezwa kidogo kuliko ilivyotamaniwa. Njia zote mbili zinaweza kuongeza sauti ya kupitia puani, kwa maana kaakaa husogea mbele na kuachana na koo. Kijana ambaye tayari anasemea puani apimwe matamshi kabla ya kukubali.

Kabla ya kupanga tarehe

Upasuaji wowote wa ufizi huharibiwa na mdomo mchafu kuliko na kitu kingine. Meno yaliyooza huzibwa au hung'olewa mapema, na yale ya ziada yaliyo ndani ya ufa hutolewa wiki sita au nane kabla, ili ufizi upone na uweze kushonwa juu ya mfupa bila kuchanika. Baada ya upasuaji, kwa wiki mbili hadi tatu mtoto hali bugali, muhindi wa kuchoma wala muwa. Hula uji, ndizi zilizopondwa na supu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, iliyochujwa, na husukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Picha ya miezi mitatu hadi sita ndiyo inayoonyesha kama daraja la mfupa limejengeka. Wataalamu wa Oslo waliligawa kwa ngazi nne mwaka 1986, ya kwanza ikiwa na urefu unaokaribia wa kawaida na ya nne ikiwa haina daraja kabisa, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake yuko ngazi ipi.

Kwa mzazi wa mtoto wa miaka 9 anayesoma haya mwezi wa kwanza, muda unatosha. Radio ipigwe sasa ili mzizi wa chonge uonekane, meno yashughulikiwe kufikia Pasaka, na upasuaji uombwe kwa wiki ya kwanza ya likizo kubwa, mwezi wa 7, ili shule zitakapofunguliwa mwezi wa 9 mtoto aweze kupanda ngazi za Kadutu kwa miguu yake mwenyewe, na mfuko wake wa madaftari mgongoni.